Duara la Jua na Barua Iliyorudi Imefungwa

Nilitoka Keko Jumamosi asubuhi kwa sababu moja tu: mdogo wangu Sadiki alitaka kumwoa Rehema wa Wazo, na mshenga wake nilikuwa mie. Barua ya posa niliiweka mfuko wa shati, imefungwa kwenye leso nyeupe. Kwetu barua ikifunguliwa, mazungumzo yameanza. Ikirudi na leso yake, ndiyo basi tena. Sadiki aliacha kupiga randa kwenye karakana yetu akanisindikiza mpaka barabarani.

"Kaka, leo uongee kidogo tu, nakuomba."

Ananijua. Mie sinyamazagi.

Saa tano nilikuwa Mwenge, nimekaa kando ya dereva kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilichobeba kabati tulilomtengenezea mteja wa Tegeta. Watu wamesimama kando ya barabara, simu juu. Nikachungulia. Jua lilikuwa limezungushiwa duara, kubwa kama mdomo wa sufuria la shughuli, wekundu kwa ndani, weupe kwa nje. Dereva akauliza kama ndiyo kiama. Nikamwambia ni barafu, chembe ndogo kwenye mawingu mepesi huko juu, zinapinda mwanga. Mwalimu wetu alitufundisha zamani. Dereva alinisifu, nami sifa zikanipanda kichwani.

Wazo nilifika adhuhuri. Mzee Mwinyi, ba'mkubwa aliyemlea Rehema, alikuwa uani na ndugu zake, wameinamia beseni la maji wakilitazama duara humo ili jua lisiwaumize macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja siku mbaya, mwanangu. Jua likifungwa hivi, wazee wetu walikuwa hawaanzi jambo."

Hapo ilinipasa niitikie tu, nikae mkekani ningoje. Badala yake nikavuta pumzi nikaanza: mzee, hizo ni imani tu, lile ni barafu. Nikachora hadi mchoro mchangani kwa kijiti, mbele ya wadogo zake. Mmoja akacheka. Mzee hakucheka.

"Wewe umekuja kuposa au kunifundisha?"

Nilipomkabidhi barua, aliirudisha mkononi mwangu, leso haijafunguliwa. Nikanywa chai niliyopewa, nikaaga.

Saa tisa alasiri nilikuwa Kipawa, si kwa shughuli yoyote. Niliona aibu kwenda moja kwa moja kwa Sadiki. Nikakaa kwa rafiki yangu muuza vitasa, ndege zinashuka, na duara bado liko pale pale juu yao. Nilijipa moyo kwamba kosa ni la mzee, kung'ang'ania mambo ya kale. Kesho jua likiwa safi, ningerudi.

Magharibi niliingia Keko. Sadiki alikuwa amekaa juu ya kitanda ambacho hatujakipaka vanishi, simu mkononi. Rehema ameshampigia. Amelia, kisha amemweleza yote. Saa tisa ileile ilifika Wazo barua nyingine ya posa, ya kijana wa Tegeta aliyekuwa akimnyemelea Rehema siku nyingi. Mshenga wake aliinamia beseni, akalitazama duara, akasema, "Kweli mzee, tumwombe Mungu atuepushe." Wakasoma Fatiha pamoja. Mzee mwenyewe akaifungua leso.

"Saa hiyo duara lilikuwa limeshaondoka?" Sadiki aliniuliza. Nadhani alikuwa akinitafutia pa kutokea.

Ningeweza kusema ndiyo. "Lilikuwepo," nikamjibu. "Nililiona mwenyewe."

Safari hii imenifundisha kwamba yule mshenga mwenzangu huenda hajui lolote kuhusu barafu ya mawinguni, lakini alijua amefuata nini Wazo. Mie nilisahau. Nikamwambia Sadiki nitarudi kumwomba mzee radhi. Akachukua randa yake, akanigeuzia mgongo.

"Usiende, kaka," akasema. "Utaongea."