Mwisho wa Picha Niliouacha Njiani

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la pili, mwalimu akanichapa, nikatokea dirishani na sikurudi tena. Kwa hiyo usije ukadhani kisa hiki nimekitoa kitabuni. Nyumba hii ya matofali nimeijenga kwa tumbaku, mashine ya kusaga unayoisikia pale nje ni yangu, na mtu wa namna yangu hana faida ya kudanganya. Yaliyonipata njia ya Goweko yalinipata mchana, jua likiwa utosini, nami sijaonja hata tone la pombe. Ukitaka usiamini, lakini usinikatize.

Siku hizo sinema ya Tabora ilikuwa inaleta picha moja ya Kihindi yenye vipande vitatu. Jina lake la Kihindi silijui mpaka leo. Sisi tuliiita Pango Saba. Malkia kafungwa na mchawi ndani ya pango la saba, na stelingi anapita pango moja baada ya jingine kumtafuta: pango la moto, pango la nyoka, pango ambalo ukiingia unageuka mtoto mchanga. Kipande cha pili kiliishia pabaya kabisa. Stelingi kaweka mkono kwenye mlango wa jiwe wa pango la saba, ndani malkia anaimba, mara sauti ile ikageuka ikawa ya stelingi mwenyewe. Taa zikawashwa. Hebu fikiri! Sauti yako mwenyewe inakuita kutoka ndani ya mlango uliofungwa. Nani yule?

Mji mzima ulishikwa wazimu. Mafundi cherehani walishona mashati yenye kola kama ya stelingi. Vijana wa Ipuli na vijana wa sokoni walipigana ngumi, hawa wanasema ndani yumo pacha wake, wale wanasema yumo mchawi. Kulikuwa na mmoja aliyetoka Dar akijidai kaiona ya tatu. Kila jioni anaimaliza kivingine. Alifukuzwa mpaka stesheni.

Vipande vile viwili vya kwanza niliviona na Maganga. Huyu ni rafiki yangu wa tangu utotoni, tulibeba mizigo ya wasafiri pamoja pale stesheni. Tulipokezana kila kitu, hata viatu. Kisha ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, tukahamishiwa kijiji kimoja upande wa Goweko, kulima tumbaku. Mwaka huohuo Maganga akaumwa macho, na maradhi hayakuondoka mpaka yalipoondoka na macho yenyewe. Akawa kipofu, kijana wa watu, hata ndevu hazijajaa.

Unaelewa hasara yake? Kihindi hatukijui. Picha ile tuliielewa kwa macho. Mtu asiye na macho ukimpeleka sinema ni kama umempeleka kusikiliza mvua.

Kijijini tulikuwa tukikaa kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, wanawake na wanaume tunafunga majani kwenye fito, na kazi ile inachosha kidole na akili. Nikaanza kuwasimulia Pango Saba. Siwezi kujificha, nilikuwa fundi. Kwenye pango la nne Wahindi wanaongea sana na kutenda kidogo, nikaona watu wanasinzia, basi nikamtia punda. Kwenye picha hakuna punda. Nilimtunga mimi, punda wa stelingi, anayekohoa kila akinusa uchawi. Watu wakampenda kuliko stelingi. Maganga peke yake alijua, naye alikuwa akiinamisha uso akicheka kimyakimya.

Halafu ikaja habari kwamba kipande cha tatu kimefika Tabora, kitaonyeshwa siku chache tu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mkali ambaye hata mgonjwa alimpeleka shambani, akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nakupa ruhusa ya siku mbili usifike kazi za ujamaa. Kwenye barua nimeandika umekwenda kufuata mbegu."

"Ahsante, mzee."

"Na uangalie vizuri kama yule mchawi anakufa. Usije ukanisinzia mle ndani. Na punda! Punda asipate shida."

Maganga alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba, mkono wake begani kwangu. Pale akanishika kiganja.

"Ndugu yangu, mimi sikuombi kingine maisha yangu yote. Mwisho wa picha ile niwe wa kwanza kuusikia. Usimpe mtu njiani. Utoke machoni mwako uingie sikioni mwangu, ukiwa bado mzima. Nitauona."

"Nakuahidi," nikasema.

"Sema tena."

Nikasema tena.

Nikaiona picha. Nakuhakikishia niliiona, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilitoka mle ndani machozi yananitoka, na mimi si mtu wa machozi. Mlangoni waliokosa nafasi walinishika shati: "Kaka, nani alikuwa ndani?" Nikafunga mdomo. Nikalala Ipuli kwa shangazi yangu, naye akanibembeleza kwa wali. Nikala wali, sikusema. Asubuhi nikadandia gari la mizigo, nikashuka Goweko, nikashika njia ya zamani, ile ya misafara, waliyopita wapagazi wa enzi za babu zetu kutoka pwani. Ilikuwa ya mkato. Watu wengi hawakuipenda.

Nilikuwa karibu kufika. Jua limesimama, kivuli changu kiko chini ya nyayo zangu, hakuna ndege anayelia. Mbele yangu nikaona mtu kaketi kando ya njia, mzigo mrefu umeegemezwa begani, umefungwa kwa ngozi na kamba za magome. Mwembamba, shuka moja tu kiunoni. Nikamsalimu. Alivyojibu nikajua ni mtu wa pwani.

"Wewe Mnyamwezi?" akaniuliza.

"Mnyamwezi, ndiyo."

"Basi mtani wangu! Mimi Mzaramo. Keti."

Wewe unajua mambo ya utani. Mtani akikwambia keti, unaketi. Akichukua kofia yako, unacheka. Akikutukana, ukinuna ni aibu yako. Nikaketi. Yeye akautua mzigo ule chini, na hapa unisikilize vizuri: mzigo wenye urefu wa mtu, ukatua kwenye mchanga bila sauti wala vumbi. Niliona. Nikajiambia ni jua.

"Watoka Tabora," akasema. "Watoka kuangalia ile ya tatu."

"Umejuaje?"

"Watu wote njia hii wanaingoja. Hebu nipe mwisho wake."

"Huo una mwenyewe," nikasema. "Nampelekea rafiki yangu."

Akacheka. Meno yake yalikuwa makavu. "Nyie Wanyamwezi bwana! Mlizoea kubeba pembe za watu, sasa mnabeba na hadithi. Mnachukua tu, kilichomo ndani hamkijui."

"Nakijua!"

"Hukijui. Hukuiona. Ulikwenda mjini ukalewa, sasa unakwenda kuwatungia uongo kijijini. Mtu gani huyu, mtani wangu, kaona picha hata jina lake halijui?"

Ningenyanyuka, yangeisha. Lakini mtu aliyeishia darasa la pili ana kidonda chake, na yule alikiweka kidole palepale. Hajui. Hajui. Maisha yangu yote nimeambiwa hivyo. Nikasema, tena kwa hasira, "Sikiliza basi!"

Nikamsimulia. Sijawahi kusimulia vile tena. Nilisimama, nikaonyesha panga linavyokwenda, nikaimba hata wimbo wa malkia. Yeye katulia, kidevu juu ya magoti, macho yamenitazama hayapepesi. Nilipofika mlango wa jiwe akanyoosha mkono.

"Ngoja. Punda yuko wapi?"

"Punda kafungwa nje."

"Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Haya, fungua."

Nikaufungua mlango, nikamwambia nani alikuwa ndani, nikamaliza yote. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gogo kifuani. Akauinua mzigo wake kichwani.

"Ahsante, mtani. Nilikaa muda mrefu nyuma ya bani lenu, upande wa moshi. Nilikuwa siwezi kuondoka kabla ya kuujua mwisho."

Akaenda zake. Nilitembea hatua kama kumi ndipo akili ikanirudia. Nyuma ya bani? Na punda? Punda yule hayumo kwenye picha yoyote duniani, niliyemtunga ni mimi, na kumsikia lazima ukae na sisi. Nikageuka. Njia ilikuwa nyeupe, imenyooka, tupu mpaka upeo wa macho. Mchangani zilikuwepo nyayo za mtu mmoja. Zangu.

Nilikimbia mpaka kijijini. Jioni bani lilikuwa limejaa, mwenyekiti kaletewa kiti, Maganga kakaa mbele kabisa, kavaa shati lake la stelingi lenye kola, kalifua. Nikaanza. Mambo yakaenda vizuri mpaka stelingi alipoweka mkono kwenye mlango wa jiwe.

Hapo pakawa peupe. Sijui nikwambieje. Nilijua nimeona, nilijua nimelia, lakini pale palipokuwa na mwisho palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

Nikatunga. Nikasema ndani alikuwa pacha. Watu wakapiga makofi. Maganga hakupiga.

"Siyo wenyewe," akasema polepole. "Nakujua unavyoongea ukiwa umeona na unavyoongea ukiwa na punda." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Ulimpa nani?"

Ningesema nini mbele ya kijiji kizima? Akapapasa fimbo yake, akasimama, akatoka. Kola ile niliitazama mpaka ilipotoweka gizani.

Niliirudia Tabora baada ya mavuno. Picha ilikuwa imeshaondoka. Miaka ikapita, picha ikarudi tena. Nimeiangalia mara tatu. Mara zote tatu, stelingi akiugusa mlango, najikuta niko nje na watu wanatoka wakifuta macho. Mtu akinisimulia mwisho, naona midomo inacheza, ninachosikia ni mlio wa mashine ya picha, kr-kr-kr. Mwanangu aliniandikia kwenye karatasi. Herufi kidogo nazimudu, lakini zile zilikuwa kama mchanga.

Maganga tuliishi jirani miaka yote ile. Tulisalimiana, tulizikana, lakini mkono wake hakuuweka tena begani kwangu. Siku moja nilikuwa shambani, mkewe akaja mbio. "Shemeji, anakuita, na hali yake siyo." Nikaenda. Nilimkuta kalala, mwembamba kama ufito, lakini anatabasamu.

"Kaja mtani wako," akaniambia.

"Mtani gani?"

"Wa pwani, mwenye mzigo. Kaketi hapo miguuni pangu mchana huu. Kasema ana deni kwangu, hakujua kuwa mwenyewe wa mwisho ule ni mimi. Kanisimulia mpaka mwisho." Yale macho yake yaliyokufa yalikuwa yametazama darini, na nakwambia yalikuwa yanafuata kitu. "Nimeuona, ndugu yangu. Nimeuona wote. Hata punda kamtia."

Nikapiga magoti. "Nani alikuwa ndani? Maganga, nani alikuwa ndani ya pango?"

Safari hii nilisikia sawasawa kila neno, hakukuwa na mlio wa mashine. Angesema, ningejua. Akapapasa mpaka akanipata begani.

"Kaniomba nisimpe mtu," akasema. "Nikamuahidi."

"Hata mimi?"

"Nilimuahidi mara mbili."

Mkono wake ulibaki begani kwangu. Alikata roho kabla ya alasiri.

Sasa wewe kijana uliyesoma, una haraka, unataka nikwambie yule mtu alikuwa nani. Sijui. Watu wanasema wako wapagazi waliofia njia ile, wakaachwa bila mtani wa kuwazika. Inawezekana. Mimi ninachokwambia ni hiki: ukitumwa neno na likawa na mwenyewe, pita nalo moja kwa moja. Mtu akikuketisha njiani mchana wa jua kali, mwangalie mzigo wake unavyotua. Na akikwambia hujui kitu, mwache aseme hujui. Ondoka.

Wajukuu wangu wote wanaujua mwisho wa Pango Saba. Wakiongea wananiona nimekaa, wanadhani nasikiliza.