Nilivyowashonea Wanaroki Nywele

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimevuka bahari na cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi, nikidhani nitawekwa moja kwa moja kwenye vichwa vya watu. Mwenye saluni pale Saint Louis Park, Mkenya mwenzangu tuliyemwita Madam, alinionyesha sakafu. "Dada, nywele utazijua kwanza zikiwa chini," akasema. "Za juu zinadanganya."

Kwa Madam ndiko nilikojifunza wigi. Ninyi vijana mnaagiza wigi kwa simu, linaletwa mlangoni, mnabandika, mnapiga picha. Sisi tulilifunga unywele kwa unywele. Unavalisha kichwa cha mbao kofia ya wavu, unapitisha sindano yenye kulabu, unavuta, unakaza fundo, unaanza tena. Kazi ilinifaa kwa sababu inafanywa umekaa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika mlangoni kuchukua barua, najihesabu nimesafiri.

Baadaye nilihamia chumba cha mavazi cha ukumbi mmoja Saint Paul, chini ya Mkuu wa Mavazi, mama wa Kizungu aliyetoa amri na pini mdomoni. Yeye ndiye aliyeniazimisha kwa bendi ya kuiga ya mji jirani wa Anoka. Bendi ya kuiga, kwa wasioijua, ni watu wazima wanaopiga nyimbo za bendi moja tu ya roki ya zamani, kwa suruali zilezile za kubana na nywele zilezile, na kila aliyelipa kiingilio anajua fika kwamba si wenyewe.

Nilimpigia Madam simu nikicheka. "Madam, huku watu wanalipa kuona feki!"

"Na wewe unashona nini huko? Ukweli?"

Mwimbaji na kiongozi wao, Bosi, siku za kazi alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Upara wake uling'aa kama sufuria mpya. Jukwaani alitikisa kichwa kama aliyevamiwa na nyuki, na kwenye shoo moja Saint Paul wigi lake la zamani liliteleza likamfunika macho. Watu walicheka mpaka wimbo ukakatika. Akaniletea wigi lile ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, nishonee lingine. Hilo jipya nalo likitoka mbele ya watu, naacha muziki. Nabaki na mitambo yangu."

Nilishona majira yote ya baridi. Upara hauna pa kubania klipu, kwa hiyo unategemea gundi na utepe unaonata pande zote mbili, na jasho ni adui wa vyote viwili. Shoo ilikuwa Anoka, Jumamosi mchana, maana mashabiki wenyewe ni wazee wa magoti mabovu. Bosi aliniweka kiti cha mbele.

"Usiangalie kitu kingine. Nywele tu. Ukiona pembeni panainuka, nipungie mkono nikimbilie nyuma."

"Sawa, Bosi. Nywele tu." Nikafungua chupa yangu ya chai.

Gitaa la kwanza, jamani, lilinipiga kifuani kabla ya kufika masikioni. Ukumbi mzima ukasimama. Mzee aliyeingia na fimbo akaiegemeza kwenye kiti changu akaanza kuruka. Mama wa kando yangu akanishika mkono kana kwamba tulisoma darasa moja. Kila mtu alijua kila neno. Mimi sikujua hata moja, na niliimba yote. Hao wenyewe wa zamani ungewaonea wapi hivi? Wangekuwa nukta kule mwisho wa uwanja. Huyu jasho lake lilikuwa linaturukia! Chai yangu sijui ilimwagikia nani.

Walipomaliza nikakimbilia nyuma ya jukwaa, sauti imekauka. Bosi alikuwa ameketi juu ya spika, upara wazi, wigi mkononi.

"Mbona hukupunga?"

"Nipunge nini?"

"Mama, lilitoka. Wimbo wa tatu."

"Lilitoka?"

Akanikazia macho. "Nilipiga magoti kuliokota, nikangoja wacheke. Wakazidi kuimba. Hukuona?"

"Bosi, mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti."

Akaanza kucheka, mabega yakamtikisika. "Wewe uliyelishona hukuona! Basi nani aliona?" Akanitupia lile wigi. "Kaza upya. Mwezi ujao tunapiga tena."

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena tundu la wavu, na vidole vimekauka kama vijiti. Bosi bado anaimba, mara na nywele, mara bila, na kochi langu linalalamika kwamba nimelitelekeza. Jumamosi iliyopita nilimwita mjukuu wangu tuende. Huyu Kiswahili anakisikia, ila anajibu kwa Kiingereza.

"Grandma, they're not even the real band."

"Najua si wenyewe. Nywele zao nimeshona mimi," nikamwambia. "Vaa koti, tutakosa wimbo wa kwanza."