Baiskeli Isiyo na Keria

Mimi ni mwalimu, lakini usiniamini kwa sababu hiyo. Walimu nao huongopa, tena kwa ufasaha. Niamini kwa sababu kisa hiki hakinipi sifa yoyote. Ningekuwa nakitunga, ningejitia ushujaa kidogo, ningesema nilikemea kwa sala mpaka yule mama akatoweka. Sikukemea kitu. Nilimwambia apande, akapanda, tukaenda. Hayo yalitokea kweli, na waliokuwepo wakati ule bado wapo hapa Gorong'a wanapalilia mahindi yao.

Kwetu ni Shinyanga, na unajua tena Msukuma na baiskeli. Nilipopangiwa kazi huku Tarime nilikuja na mke wangu Kabula, godoro, masufuria mawili matatu na baiskeli yangu nyeusi ya chuma. Nyuma ina keria pana ya nondo, niliyochomelewa na fundi wa nyumbani. Juu ya keria Kabula alifunga kijigodoro alichokishona kwa kitenge kilichochakaa, na hapo ndipo palikuwa pake. Kanisani, mnadani, kliniki alipopata ujauzito, alikaa pale upande, mkono mmoja kiunoni kwangu, akinisimulia habari za watu njia nzima. Wenyeji walitucheka. Walisema mwalimu mzima anambeba mke kama gunia la mahindi wakati bodaboda zimejaa. Nikawajibu kwamba gunia halina umbea.

Sasa ngoja nikwambie habari ya tamaa. Pale Tarime mjini kuna jamaa anaitwa Ouma, anauza baiskeli za mtumba anazozipitisha pale mpakani Sirari. Siku moja napita dukani kwake kununua mpira wa breki, nikaiona. Nyekundu, nyembamba, usukani umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Baiskeli ya mashindano. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikahisi moyo unanidunda, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Kila tunapokuwa na michezo ya walimu huwa nashika nafasi ya pili kwenye mbio za baiskeli, nyuma ya mwalimu mmoja wa hesabu mwenye maringo mengi, na tayari nilikuwa naiona sura yake nikimpita. Utanilaumu?

Ouma aliyaona macho yangu. Akasema, "Mwalimu, hii nimekukatia bei mpaka nasikia uchungu. Wacha hiyo ng'ombe yako hapa, enda na hii ukalale nayo. Ukiipenda, kesho unaniongezea kidogo tu, tunabadilishana. Usipoipenda, unarudisha."

Nikaiacha ng'ombe yangu.

Nyumbani Kabula alitoka nje, mkono umeshika mgongo, maana tumbo lilikuwa limeshashuka na nesi alimwambia wakati wowote. Akaizunguka ile baiskeli polepole. Akasema ni nzuri. Kisha akatazama nyuma ya siti, pale ambapo palikuwa na tairi tu na hewa, akaniuliza, "Na mimi nitakaa wapi?"

Nikamwambia kuna bodaboda, siku hizi nani anabebwa na baiskeli. Akasema sawa, akaingia ndani kugeuza ugali. Wewe kama umeoa unaijua ile sawa. Usiku kucha aligeukia ukutani na mimi nikawa nahesabu faida za gia.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Niliamka nimeshaamua: naichukua. Kulikuwa kumekucha, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ule ukungu wetu wa milimani unaofanya hata jogoo awike kwa wasiwasi. Niliikokota ile baiskeli kwenye barabara ya udongo, maana tairi zake hazikupenda mawe, mpaka nikafika kwenye lami. Hapo nikapanda.

Sijui nikuelezeje. Haikuwa na mlio. Nilikanyaga pedali mara moja na dunia ikaanza kupita yenyewe, mti wa kahawa unatokea, unapotea, kengele ya ng'ombe inalia mahali fulani na ng'ombe haonekani. Sikujua kama napanda au nashuka. Nilikuwa na furaha ya mtoto, nakiri. Nilikuwa nimesahau kwamba nina mke, nina kazi, nina mwili. Ukiniuliza nilienda hivyo kwa muda gani, sina jibu.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye kalavati, pembeni kabisa ya lami. Amejifunga khanga kifuani, shuka mabegani, miguu peku, na tumbo kubwa kama la Kabula. Aliinua mkono.

"Mura, nibebe," akasema. Huku kijana wa kiume huitwa mura. "Nibebe nifike zahanati."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mimi nimebeba watu miaka yote. Mtu akiniinulia mkono mdomo wangu haungoji akili. Nikaweka mguu chini, nikasema, "Panda, mama." Nikatulia kama ninavyotulia Kabula anapopanda. Nikahisi baiskeli imezama kidogo, mkono ukanishika kiunoni. Nikamwambia ashike vizuri. Akasema ameshika. Tukaondoka.

Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini asubuhi ile nani alikuwa na mkono wa moto? Ukungu ulikuwa umetufunika wote wawili, na niamini, kulikuwa na utulivu ambao sijaupata tena, hata kanisani. Baadaye akaniuliza, "Mkeo hukaa hapa?"

Nikamjibu ndiyo, ndipo pake hapo.

"Pana joto," akasema.

Kilima kikaanza. Miguu ikawa mizito, nikapeleka kidole kutafuta gia nyepesi, gia ikaingia. Na gia ilipoingia ndipo akili iliponirudia. Baiskeli yangu haina gia. Hii niliyoipanda si yangu. Hii niliyoipanda haina keria.

Sikugeuka. Wewe ungegeuka? Niliinamisha kichwa tu, nikatazama chini ya kwapa langu. Niliona tairi jembamba linazunguka. Pembeni yake niliona nyayo mbili zinaning'inia, zimepakaa tope mpaka vifundoni, zinayumba taratibu kama za mtu aliyekaa upande. Kati ya nyayo na siti yangu hapakuwa na kitu.

Niliogopa, sikatai. Lakini mkono ulikuwa bado kiunoni kwangu, umeshika kama Kabula anavyoshika tukipanda kilima, bila kubana, kwa kuniamini. Mtu akikushika hivyo unamwangushaje? Nikaendelea kukanyaga huku machozi yananitoka, na mpaka leo sijui yalikuwa ya hofu au ya huruma. Nadhani ya huruma.

Tulipofika kwenye kona ya juu akasema, "Nishushe."

Nikapata sauti, nikamwambia zahanati bado iko mbele kidogo.

"Mimi huishia hapa," akasema. "Wengi wamepita na keria zao, wakasema wana haraka. Wewe umenileta. Asante, mura."

Baiskeli ikawa nyepesi ghafla hivi kwamba nusura niingie mtaroni. Nilipogeuka palikuwa na ukungu na lami iliyolowa.

Mjini Ouma alikuwa anafungua duka. Akaniuliza nimeipenda? Nikasema sana. Na ni kweli, naipenda mpaka leo, nisikudanganye. Akanyoosha mkono tumalizane. Nikamwambia, "Nipe ng'ombe yangu."

Alicheka, akasema Msukuma ukimpa ndege atauliza ataifunga wapi kamba. Akanitolea baiskeli yangu kutoka stoo, ilikolala usiku mzima kwenye sakafu ya saruji. Nikaweka kiganja juu ya kijigodoro cha Kabula. Kilikuwa na joto, kama kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Jioni nilimkuta mwenye nyumba wetu, Mama Ghati, anapukuchua mahindi barazani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Hakushangaa. Alisema zamani, kabla ya lami, kuna mama uchungu ulimshika akiwa peke yake njiani, akawa anaomba abebwe, na hakufika mbali zaidi ya ile kona, yeye na mtoto wake. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama kweli nilimwambia apande. Nikasema ndiyo. "Basi," akasema, akachukua hindi lingine.

Kabula uchungu ulimshika siku chache baadaye, alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Nilipiga simu kwa vijana wote wa bodaboda ninaowajua. Wawili hawakupokea. Wa tatu akaniambia, "Mwalimu, kwa udongo huu tutamuua mama wa watu." Nikamkalisha Kabula juu ya kijigodoro chake. Kwenye udongo niliikokota huku nimemshikilia, kwenye lami nikapanda. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe alikuwa hasimulii chochote, anahema tu mgongoni kwangu, na ukimya ule ulinitisha kuliko zile nyayo za tope.

Katikati ya kilima miguu ilikataa. Nilikuwa natamka jina la Mungu kwa kila pedali, na pedali haishuki. Halafu ikashuka. Baiskeli ikaanza kupanda, si kwa nguvu zangu, ninazijua nguvu zangu. Tulipita kwenye ile kona bila kusimama, tukafika zahanati nesi akiwa anafungua mlango. Binti yetu alizaliwa kabla ukungu haujatawanyika.

Kabula alipopata nafasi ya kuongea, neno lake la kwanza halikuwa kuhusu mtoto. Aliniuliza, "Yule mama aliyekuwa anatusukuma kule kilimani ni nani? Sikumshukuru."

Sasa binti anatembea. Baiskeli yangu hulala nje ukutani, na asubuhi za ukungu huikuta imelowa umande yote, usukani, siti, ringi, isipokuwa kijigodoro cha keria. Hicho hukikuta kikavu. Kabula hunitazama, mimi humtazama, tunaendelea na chai.

Ile nyekundu aliinunua Mwita, kijana wa Matongo anayefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Alipita nayo hapa mbio kama anafukuzwa. Haukupita muda fundi wa baiskeli akanisimulia huku anacheka mpaka anashika mbavu: Mwita amekwenda kuchomelea keria ya nondo kwenye baiskeli ya mashindano, na akiulizwa sababu hasemi. Watu wote walicheka. Halafu asubuhi moja nilipishana naye kwenye kile kilima, ukungu umetanda, amekunja gunia safi juu ya ile keria. Alikuwa peke yake, anakanyaga taratibu kama aliyebeba yai, na aliponipita nilimsikia akisema kwa upole, "Shika vizuri, mama."

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua baiskeli kwa sababu bei imeshuka, nunua, sikukatazi. Ila kwanza tazama nyuma ya siti, ujiulize nani wako alikuwa anakaa hapo. Na ukipita njia yetu asubuhi ya ukungu, ukamwona mama ameinua mkono kwenye kalavati, usianze kumweleza habari za keria wala haraka zako. Mwambie apande. Pa kukaa atapajua mwenyewe.