Abiria wa Kibuye na Kapteni Asiyezikwa

Nani alisema watu wa soko la Kibuye hawasomi? Aje Jumatano jioni, biashara ikiwa imelala, asimame nje ya kibanda cha Lornah fundi wa nguo. Atasikia kelele adhani kuna mwizi amekamatwa. Mwizi wa wapi! Ni watu wazima wanne, wenye akili zao, wanagombania mwanamke ambaye hata hakuzaliwa: Kapteni Nekesa, nahodha wa chombo cha angani kiitwacho Korongo.

Lornah ndiye aliyeleta hayo maneno. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwili mkubwa, kicheko kikubwa kuliko mwili, na futi ya kupimia haitoki shingoni hata akienda kanisani. Kitabu cha kwanza alikinunua kando ya barabara kwa sababu ya jalada tu, maana kapteni alikuwa amevaa koti lenye mabega ya kupendeza na Lornah alitaka kuuiba ule mshono. Akasema asome ukurasa mmoja ajue koti lilitoka wapi. Ukurasa ukawa sura, sura ikawa tatu, na pasi ya makaa ikala suruali ya mwalimu mkuu fulani ambaye mpaka leo hamsalimii.

Raha ya peke yako haina ladha, kwa hivyo akamvuta Chege, jirani yake anayeuza viatu vya mitumba, aliyetoka Murang'a zamani na sasa anakula samaki mpaka macho. Akamvuta Celestine wa chai, ambaye alikuja kuchukua vikombe akasahau kuondoka. Mzee Joram, fundi wa redio, alikuwa mgumu. Alisema umri wake hauruhusu tena uongo, akageuza kiti akawapa mgongo. Siku ya tatu akaomba sura irudiwe, eti feni ilimzuia kusikia, na kibanda kile hakijawahi kuona feni. Basi wakawa wanne, wakajiita Abiria.

Vitabu ni vitatu. Viwili vya kwanza walivimaliza kama ugali wa moto, halafu mwandishi akawakalisha miaka miwili wakisubiri cha tatu. Kilipofika hatimaye, kimefichwa katikati ya furushi la viatu vya Chege kutoka Nairobi, Celestine alipiga vigelegele soko zima likageuka, na jioni hiyo chai ilipoa bila mnunuzi. Wakaweka sheria: kitabu hakilali kwa mtu, na hakuna kuchungulia mwisho. Chege akachungulia. Nani asingemjua? Wiki nzima alikuwa anatazama chini kama kuku wa kumwagiwa maji, akiulizwa kuhusu Nekesa anakohoa. Walimtoza mandazi ya watu wote, na akalipa bila kesi.

Jumatano ya mwisho Lornah ndiye aliyesoma, na kwa kweli alisoma. Korongo imebeba watu wa sayari nzima, maadui wako nyuma, mbele kuna Lango, na Lango halikai wazi bila mtu wa kulishikilia kutoka nje. Nekesa anaingia kwenye kiboti kidogo peke yake. Watu wanapita wote, Lango linajifunga, yeye anabaki upande ule wa maadui. Redio inaendelea kuvuma bila sauti ya mtu. Wenzake wanaacha kiti chake kitupu, wanaweka kikombe chake juu yake, na hapo ndipo kitabu kinaishia.

Mnaona mambo? Mzee Joram aliuliza kurasa zingine ziko wapi. Alidhani zimechanika.

Ikawa vita. Celestine alisema mwandishi ameogopa kazi, maana ukitaka kuua mtu muue, ukitaka aishi mrudishe, lakini usimwache akining'inia kama nguo kwenye kamba. Chege alisema hapana, huo ndio utamu, yeye tangu alipochungulia hajalala vizuri na kitabu cha kukunyima usingizi ni kitabu. Kwenye simu ya Celestine kulikuwa na ukurasa wa wasomaji, na huko nako moto ulikuwa unawaka. Wanafunzi wa Bondo waliandika kwamba mwandishi alichoka. Mama mmoja wa Milimani, mtaa wa wenye pesa, alisema mwisho ule ni sanaa ya hali ya juu, na Abiria wakamcheka kwa pamoja, kwa furaha, kama watu wa nyumba moja. Wenye ukurasa walikuwa wanataka kila kundi litume neno moja: Nekesa yuko hai, au amekufa?

"Yuko hai," Lornah alisema. "Andika."

Celestine hakuandika. Mzee Joram alikuwa ameinua mkono, na mzee huyo akiinua mkono watu husubiri. Alisema yeye hajui mambo ya huko juu, lakini anajua ya nyumbani. Mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, Wajaluo hawamwachi hivyo. Wanatafuta yago, lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa mtoto. Wanalivisha, wanalililia, wanalizika kama mtu, basi anakuwa amefika nyumbani. Kosa la kitabu, alisema, ni kwamba watu wa Korongo hawakumzikia kapteni wao yago. Kikombe kwenye kiti ni nini? Nani anazika kikombe?

Lo, Celestine alifurahi akapiga meza. Akasema hilo ndilo la kuandika, watu wa Milimani wajue kusoma ni nini. Hata hapo hapo wangemtafutia Nekesa yago wamzike nyuma ya kibanda, na mandazi ya matanga atoe Chege.

Kila mtu alicheka isipokuwa Lornah. Alifunga kitabu. Akasema kwa sauti ambayo hawakuizoea kwamba anayezikiwa yago ni maiti, na kumzikia mtu aliye hai yago ni kumuua kwa mikono yako, na katika kibanda chake hakuna mtu atakayeuawa hivyo.

Celestine akaziba mdomo. Alikuwa amekumbuka, na alijilaumu sana.

Ni kwamba Lornah ana ndugu, Owiti, anayemfuata kwa kuzaliwa, fundi wa injini za maboti. Miaka sita iliyopita Owiti alitoka ufuo wa Dunga kwenda kujaribu injini aliyokuwa ametengeneza. Boti lilipatikana limepinduka. Yeye hakuonekana, wala kiatu chake. Huko kwao Pap Onditi wazee walisema litafutwe yago, mama yake akakubali, hata mke wa Owiti, Jacinta, akakubali huku analia. Aliyekataa ni Lornah. Yeye ndiye mkubwa, na akikataa, nani angechimba kaburi? Alisema Owiti anajua kuogelea, labda yuko visiwani, labda Uganda, atarudi na hadithi. Shati lake la samawati, aliloleta libadilishwe kola, linaning'inia kibandani mpaka leo, upande mmoja wa kola umeshonwa na mmoja haujashonwa. Wateja wameulizia bei, wamejibiwa vibaya.

Na Jacinta je? Jacinta yuko Pap Onditi na watoto wawili, si mke, si mjane. Mume hana, na wa kumlilia hana. Kila Krismasi anamtazama wifi yake kwa macho yanayoomba, na Lornah anajifanya kutafuta kitu ndani ya mkoba. Mtu mwema hivyo, lakini hapo alikuwa mbaya, na nasema hivyo nikiwa nampenda.

Chege, ambaye yago hakuwahi kuliona wala kulisikia, alikuwa bado anafikiria kitabu. Yule akishikwa na hadithi hawezi kujua kama nyumba inaungua. Akamgeukia Mzee Joram na swali lake la kweli kabisa.

"Sasa Mzee, mkishazika hilo tunda, halafu siku moja mwenyewe atokee barabarani anakuja. Inakuwaje?"

"Akitokea?" Mzee Joram alimshangaa. "Si tutafurahi! Atangoja langoni kidogo, kuna ya kufanya, wazee wanayajua. Yakiisha ataingia ale. Nani alikuambia tunazika ndio mtu asirudi? Tunazika ndio waliobaki walale."

Lornah alimtazama. Akamwomba arudie, na mzee akarudia, taratibu, maana sasa naye alikuwa ameelewa anazungumza na nani. Akamwita kwa jina la kwao, Nyar Nyakach, binti wa Nyakach. Akamwambia kwamba katika miaka yake amemwona mmoja aliyezikiwa yago akarudi, na wengi ambao hawakurudi, na kwamba hakuna hata mmoja aliyezuiwa na tunda.

Miaka sita Lornah alikuwa amesimama mlangoni amekaza mikono, akidhani akiachilia mlango utamfungia ndugu yake nje. Kumbe mlango wenyewe haufungwi hivyo. Machozi yalimtoka wazi wazi, mbele ya watu, na hakuyafuta. Kisha, mniamini, akaanza kucheka kile kicheko chake kikubwa, huku analia, mpaka muuza nyanya wa ng'ambo akaja kuona kuna nini.

Aliangua shati la samawati kutoka kwenye msumari, akapiga vumbi, akaketi kwenye cherehani. Mashine ikaanza kuimba. Hakuna aliyeondoka, Celestine alimwaga chai iliyopoa akachemsha nyingine, Chege akaishikilia tochi ya simu karibu na sindano ingawa nje bado kulikuwa na mwanga. Upande wa pili wa kola ulipokaa, Lornah alipiga simu nyumbani. Aliyepokea alikuwa Jacinta.

"Wifi yangu," Lornah akasema, "waambie wazee watafute yago. Zuri, lisilo na mdudu. Nguo ya kulivisha ninaileta mwenyewe Jumamosi."

Walisikia kwenye simu pumzi ya Jacinta ikitoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani. Halafu akasema asante, na tena asante, na simu ikakatika.

Lornah alikunja shati vizuri, akaliweka ndani ya mfuko mpya. Kisha akaivuta simu ya Celestine, ambamo ukurasa wa wasomaji ulikuwa bado wazi ukisubiri neno la Abiria wa Kibuye.

"Azikiwe yago," akasema. "Na lango liachwe wazi. Andika hivyo hivyo."