Nilibadilisha Mafuta

Mume wangu aliondoka Doha kwenda likizo Kenya akiwa ameacha hukumu: akirudi, pikapu yetu inauzwa ikakatwe vipuri. Mnunuzi alikwisha kupatikana, Mganda mmoja tunayesali naye, ambaye alikuja kuizunguka mara mbili tatu akigonga milango kwa vifundo vya vidole, mithili ya daktari anayepima kifua cha mgonjwa asiyemtarajia kupona. Sikubishana. Nilimpikia mume wangu chapati za safari, nikamsindikiza uwanja wa ndege kwa teksi kwa kuwa pikapu ilikuwa imegoma, na nilipokuwa nikimpungia mkono nilikuwa nimeshaamua la kufanya.

Yafaa nieleze ni kitu gani hasa kilichokuwa kinauzwa. Huko Umm Salal, pembezoni mwa shamba la Mkatari mmoja mkarimu, sisi wanawake wanne wa Kenya tumepewa kipande cha ardhi ambacho wakati wa baridi tunakipanda sukuma wiki, managu na dania. Wiki nzima mimi hukaa West Bay katika ofisi yenye vioo kila upande, nikikagua mikataba ya bima. Ijumaa baada ya ibada, mimi ni mkulima. Bila pikapu hakuna samadi, hakuna mipira ya maji, wala mboga za kurudi nazo nyumbani Al Sadd. Niliwahi kumuuliza dereva wa teksi kama angekubali kubeba samadi ya kondoo. Alipandisha kioo taratibu, kwa heshima zote, akaondoka.

Ugonjwa wa pikapu ulikuwa injini. Ilikuwa ya petroli, imechoka, na ilichemka kila ilipobebeshwa mzigo kwenye mchanga. Aliyeninong'oneza dawa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni dereva wa familia moja hapahapa Doha. Alisema pikapu za aina yetu zilitoka kiwandani za petroli na za dizeli, bodi ikiwa ni ileile; na kule Sanaiya, kwenye mitaa ya magereji, ilikuwepo moja ya dizeli iliyogongwa nyuma ikakunjika vibaya, lakini injini yake haikuguswa.

"Shem, tukiitoa hiyo injini na giaboksi yake tukaingiza kwa yako, itavuta nyumba," aliniambia.

"Na kaka yako je?"

"Kaka yangu si anakwenda Kenya?"

"Atarudi."

"Basi tufanye haraka."

Kaka yake, ni lazima niseme, hana uvumilivu na dizeli. Alikulia jirani na kisiagi cha dizeli cha kusaga posho, kilichodunda tangu alfajiri hadi jioni, na kwake dizeli ni kelele, moshi na watu wanaopigiana makelele wakisalimiana. Siku nilipolitaja wazo hilo mezani aliniambia, "Mama watoto, mimi siwezi kuendesha kisiagi barabarani," kisha akaomba chumvi.

Sikulitaja tena. Tulitafuta kibali kwanza, maana hapa nambari ya injini huandikwa kwenye kadi ya gari na hakuna mwenye akili timamu anayefanyia mchezo jambo hilo. Kisha fundi wetu, Mpakistani mwenye masharubu ya kuogofya, akaianza kazi. Aliniita "baji", yaani dada, na akaniagiza nikasubiri nyumbani. Sikwenda. Nilisimama kivulini na viatu vyangu vya ofisini nikaitazama injini ya zamani ikinyanyuliwa kwa mnyororo, ikiyumba na kudondosha matone meusi, nami sikuisikitikia. Vishikizo vya injini vilibadilishwa, redieta ikawekwa kubwa zaidi, betri vilevile, na tangi likaoshwa hadi harufu ya petroli ikaisha. Plagi za cheche hazikuhitajika tena. Dizeli hujiwakia yenyewe kwa kubanwa na kupata joto, na kwa sababu hiyo injini ikiwa baridi ni lazima ufunguo uzungushwe nusu, ungoje taa ndogo ya njano izime, ndipo uwashe.

"Usipongoja, baji, itakohoa tu," fundi alionya, akakohoa mwenyewe ili nielewe.

Jioni hiyo mume wangu alipiga simu. "Hiyo pikapu mmeifanyia chochote?"

"Nimebadilisha mafuta," nikasema.

"Vizuri. Angalau Mganda aikute safi."

Kiswahili ni lugha karimu. Mafuta ni ya kupikia, ni ya kujipaka, ni ya kulainisha injini, na ni ya kuiendesha. Ukisema umebadilisha mafuta ya gari, kila anayekusikia humwona fundi amelala chali chini yake, oili nyeusi ikitiririkia kwenye karai. Mimi sikumzuia mume wangu kumwona fundi huyo. Ofisini mimi hulipwa kwa kugundua sentensi za namna hiyo, kwa hiyo kutunga moja hakukunisumbua.

Alirejea siku ya Ijumaa mwezi wa Desemba. Mpango wangu ulikuwa aipende pikapu kwanza, habari zifuate baadaye. Nilipitia kwenye zizi la mfugaji mmoja wa kondoo nikapakia magunia ya samadi, maana injini ya zamani ilikuwa ikihema hata kwa nusu ya mzigo ule. Ndege ilichelewa, injini ikapoa kabisa kwenye maegesho. Mume wangu alipotokea akanikumbatia, akanusa.

"Umenijia na mavi ya kondoo?"

"Ni samadi, baba watoto. Sanduku lako nimeliwekea turubai."

"Asante sana kwa turubai."

Tulipokwisha kuketi nilizungusha ufunguo nusu. "Tuombe kwanza," nikasema.

Akavua kofia. Nilimshukuru Mungu kwa safari njema, kwa marubani na kwa jamaa aliowaacha nyumbani, nikiwa nimefumba jicho moja. La pili lilikuwa juu ya taa ya njano. Ilipozima nikasema amina na kuwasha papo hapo, nikafungulia nyimbo za kwaya kwa sauti ya juu.

"Umekuwa mcha Mungu kweli nilipokuwa sipo," alisema kwa sauti kubwa. Masikio yake yalikuwa yameziba kwa ajili ya ndege, neema ambayo hata sikuwa nimeiomba.

Hatukufika mbali kabla hajaanza kulalamikia uendeshaji wangu. Nikasimama kando, tukabadilishana viti, injini ikiendelea kunguruma chini ya kwaya. Aliposhika usukani alielekea moja kwa moja njia ya Umm Salal, tukaishushe samadi kabla haijamzoea. Mbele yetu kulikuwa na daraja la juu, lile ambalo pikapu ilikuwa ikilipanda kwa kuugua. Safari hii ililipanda bila hata kushusha gia.

"Imepanda!" akapaza sauti.

"Imepanda."

"Na samadi yote hiyo! Kwani ulitia mafuta gani?"

"Mazuri," nikajibu, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Hapo ndipo alipotazama mshale wa tangi na kuingia kituoni, akasimama kwenye pampu ya petroli. Mhudumu alikuwa Mkenya. Alituamkia kwa Kiswahili na akaanza kufungua kifuniko cha tangi. Mume wangu akamwambia ajaze. Nilizima kwaya.

"Baba watoto, si hapa," nikasema. "Twende kule kwenye malori."

"Kwenye malori kufanya nini?"

"Mafuta yetu yako kule."

Alinitazama. Mhudumu akainama dirishani, bomba mkononi. "Mzee, hapa ndani kumeandikwa dizeli kwa rangi nyekundu. Sasa nitie gani?"

"Petroli! Gari hii ni yangu, naijua."

"Ukitia petroli itakufia hapo mbele," nikamwambia. "Injini ni nyingine. Ni ya dizeli."

"Si uliniambia umebadilisha mafuta?"

"Nilibadilisha. Ilikuwa inatumia petroli, sasa inatumia dizeli."

Mhudumu akageuza uso, mabega yakimtikisika. "Mzee, hapo mama amekuweza," akasema. "Lakini kesi mkaimalizie mbele, kuna foleni nyuma yenu."

Tulijaza dizeli katikati ya malori mawili ya maji, kisha tukaendelea hadi Umm Salal. Wenzangu watatu walikuwa shambani. Waliuona uso wake, wakashusha magunia bila kuuliza habari za Kenya. Yeye alifungua boneti akasimama pale muda mrefu, mikono nyuma, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali. Nilikwenda kusimama karibu naye, kwa kuwa hukumu ya pikapu ilikuwa bado haijafutwa na mnunuzi alitarajiwa kesho yake.

"Giaboksi?"

"Ilikuja na injini."

"Redieta?"

"Kubwa zaidi. Haijachemka hata mara moja."

"Na mdogo wangu alihusika?"

"Hilo kamuulize mwenyewe."

Alinung'unika kitu, akafunga boneti, akaenda kula mahindi ya kuchoma na wenzangu hadi jua likaanza kushuka na ubaridi ukaingia. Tulipotaka kuondoka aliingia upande wa usukani, akawasha kwa mkupuo mmoja. Injini ikakohoa. Akarudia, ikakohoa tena.

"Usiharakishe," nikamwambia. "Zungusha nusu. Ngoja hiyo taa ya njano izime."

Akaitazama taa. Ilikuwa ikiwaka taratibu, kisha ikazima, naye hakuwasha. Alinigeukia polepole.

"Ile sala."

"Sala ilikuwa ya kweli kabisa."

"Ulimwombea hadi rubani!"

"Si alikufikisha?"

Kicheko kilimtoka bila ridhaa yake. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akalaza kichwa kwenye usukani na honi ikalia shamba zima. Masikio yake nadhani yalizibuka papo hapo, kwa sababu alipowasha hatimaye alisikiliza ule mdundo akitikisa kichwa, na hakusema neno baya. Akatoa simu akampigia Mganda.

"Ndugu yangu, ile pikapu haiuzwi tena. Tafuta nyingine ya kukata." Akasikiliza. "Hapana, imepona. Tumeiwekea injini ya dizeli." Akasikiliza tena, akajiweka sawa kitini na sauti yake ikanenepa. "Eeh, ni jambo nililolifikiria sana nilipokuwa kule nyumbani. Ukiwa na mzigo, dizeli ndiyo yenyewe."

Nikaufungua mlango wa abiria nikaubamiza, ili hata Mganda kule kwenye simu asikie kwamba aliyelifikiria kweli yupo humu ndani.