Uzi wa Ajida

Ajida, sajini mkuu wa jeshi la Kongo aliyewafundisha maafisa vita juu ya meza ya mchanga alikuwa na vizibo vya bia na uzi. Kizibo kimoja kilikuwa askari mia. Urefu wa uzi ulikuwa mwendo wao wa siku nzima. Kabla afisa hajasogeza kizibo, Ajida aliinama karibu na mchanga na kuuliza kwa sauti ya chini: "Wamelala? Wamekula nini?" Wakikosa usingizi, aliukunja uzi kwa upana wa kidole, wakikosa chakula, kidole kingine. Aliukunja polepole, kama mtu anayefunga jeraha.

Siku moja, mwaka 1998, Kapteni Valéry aliwapimia waasi uzi mzima. Ajida akauchukua, akaukunja vidole viwili.

"Apana, mon capitaine. Na wao hawajalala."

"We unajuaje?"

Ajida alilainisha kilima cha mchanga kwa kiganja. "Mudogo wangu iko kule na waasi. Tangu utoto anachoka mbio."

Macho yote yakanigeukia mimi, karani wa ripoti. Niliandika: "Waasi: uzi upungue vidole viwili." Sababu sikuiandika. Kapteni aliisoma ripoti mara mbili, akatia sahihi.