Nilisingizia Pasi ya Dada Yangu

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na mzigo wa kosa langu nimemtwika mtu asiye na hatia. Miaka miwili nimenyamaza. Leo acha niseme, mkimaliza kusoma mnitukane.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, tunakaa Voi. Alipostaafu alianza kukusanya maneno ya zamani ya Kidawida, lugha yetu ya Taita, yale ambayo sisi watoto wa mjini hatuyajui. Alipanda milimani, Mghange na Werugha, kwa wazee, akauliza jina la kila mfereji, kila mti, kila ugonjwa wa ng'ombe. Daftari zake za kwanza ziliishia kwa mchwa. Basi padri mmoja rafiki yake alipohama na kumwachia kompyuta, mzee alifurahi kama bwana harusi. "Mchwa hawali kompyuta," alikuwa akituambia.

Mchapaji alikuwa dada yangu mdogo. Nimwite Wakesho, ingawa si jina lake. Baba anasoma kwenye vikaratasi alivyotoka navyo milimani, Wakesho anachapa, kila jioni, miaka mitatu. Vikaratasi vikishachapwa vinawashiwa jiko. Baba alimwahidi kwamba kitabu kikitoka, jina lake litakaa ukurasa wa kwanza, chini ya lake.

Na mimi je? Mimi nilikuwa fundi wa mdomo! Nilikuwa nimefanya kazi ofisini Mombasa, nikaona kompyuta mbili tatu, nikarudi nyumbani najiita mtaalamu. Vumbi la Voi lilipoua kitundu cha kuingizia diski, nikanunua kompyuta nyingine kuukuu, nikatangaza kwamba nitaziunganisha kwa waya na kuhamisha kila kitu.

"Kaka, si tungoje yule fundi wa Mombasa aje?" Wakesho akaniuliza.

"Wewe kazi yako ni kuchapa," nikamjibu. Jeuri yangu hiyo!

Jumamosi yenyewe ule waya ulinitesa asubuhi nzima. Nachomeka, kimya. Nachomoa, nachomeka tena, kimya! Niliipiga meza ngumi mpaka chai ikamwagika. Saa nane ndipo mashine zikasikilizana.

Sasa, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimeshatayarisha kwenye kompyuta ya pili mafaili matupu yenye majina yale yale ya Baba, eti kila kitu kikifika kikute nafasi yake. Mashine ikauliza nahamisha kutoka wapi kwenda wapi. Nikachagua kinyume. Ikauliza kama yaliyopo yafutwe, haya yakae mahali pake. Nilikuwa na njaa, nimekasirika, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma.

Ikamaliza kabla sijameza mate. Miaka mitatu ya watu wawili, jamani! Nikafungua faili la kwanza la Baba, tupu. La pili, tupu.

Wakati huo huo Wakesho, chumba cha pili, akachomeka pasi anyooshe joho lake la kwaya. Taa ikafifia kidogo, ikarudi. Na Baba akaingia kutoka sokoni, anatabasamu.

"Vipi, zimeongea?"

Mungu anisamehe. Nikasema, "Wakesho amechomeka pasi, stima ikashuka, kila kitu kimefutika."

Dada yangu alikuja akapiga magoti pale pale. "Baba, sikujua. Nisamehe, Baba." Baba hakumkemea. Alikaa akitazama kile kioo, kisha akasema polepole, "Hukujua, mwanangu." Nami nilisimama pembeni nikikunja waya, kama mtu mwenye kazi.

Walijaribu kuanza upya kwa mkono. Bibi wa Mghange aliyewapa maneno ya mifereji alikuwa ameshazikwa. Macho ya Baba nayo yakafifia. Wakesho alipata kazi ya uchapaji, akaikataa, anasema mikono yake ina balaa. Na tangu siku ile hajagusa pasi ya stima. Ananyoosha kwa pasi ya makaa. Mwezi uliopita cheche iliruka ikatoboa kola ya shati langu, akaniletea huku analia, akaniomba msamaha. Mimi! Aniombe msamaha mimi!

Ndugu zangu, msiwe kama mimi. Mashine ikikuuliza, soma kabla hujajibu. Usilolijua, mngoje anayelijua. Na ukishaharibu, sema siku ile ile, maana uongo ukilala nyumbani usiku mmoja huwa mwenyeji. Nimejaribu kusema mara nyingi tukiwa mezani, ulimi unakataa. Ndiyo maana nimeandika huku gazetini.

Baba hawezi tena kusoma gazeti. Wakesho ndiye humsomea, kila Jumamosi, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Dada yangu, ukifika hapa usinyamaze. Msomee mzee na mstari huu: haikuwa pasi yako, ilikuwa mkono wangu.